Tangu 1992 wanapiga picha ubongo ukifanya kazi, mbona daktari wa akili bado anapima kwa maongezi?

#1 KakaVokseli
Salaam wakuu.

Nipo Marekani, chuo kimoja, maabara ya utafiti wa magonjwa ya akili. Mimi ni mchambuzi wa data za picha za ubongo. Simtibu mtu wala siendeshi skana. Mshiriki akishatoka kwenye MRI (mashine ya kupiga picha kwa sumaku) na kupewa posho yake, faili zinakuja kwangu. Nazigeuza kutoka DICOM (aina ya faili za hospitali) kwenda NIfTI (aina ya faili za utafiti), nazipa majina kwa utaratibu wa pamoja wa watafiti, BIDS, nafuta uso ili mtu asitambulike, nakagua picha moja moja, halafu narusha kwenye seva. Programu ya FreeSurfer inakokotoa unene wa gamba la ubongo na ujazo wa kila sehemu, saa kadhaa kwa kichwa kimoja. Mwisho wa yote natoa jedwali, wakubwa wanaandika makala.

Sasa hoja. Majaribio ya kwanza kwa binadamu ya fMRI (MRI inayofuatilia ubongo ukifanya kazi) ya aina inayotumika leo yalichapishwa 1992. Leo hii hakuna daktari wa akili, awe Boston au Dodoma, anayethibitisha skizofrenia, sonona au baipola kwa kutazama picha ya ubongo. Anakaa na mgonjwa, anamuuliza, anawauliza na ndugu, basi. Makala zipo maelfu kwa maelfu. Kikwazo ni mashine, hesabu, au magonjwa yenyewe yamepangwa ovyo? Nina maoni yangu ila nataka ya kwenu kwanza.

#2 Mtaa_wa_Pili
Nimevuta kigoda. Mshahara lakini vipi mkuu?

#3 Bibi_Tausi
Mganga wa kwetu hana mashine wala umeme na anakupa majibu kabla hujakaa vizuri kwenye mkeka 😂

#4 Mpiga_Picha
Mleta mada, weka sawa hapo. Mimi ni mtaalamu wa radiolojia hapa bongo na wagonjwa wa akili tunaletewa kila wiki. MRI au CT inatumika, ila kwa kuondoa mashaka: uvimbe, damu iliyovia, kiharusi cha zamani, maambukizi. Mtu wa miaka 60 aliyebadilika tabia ghafla hujui kama ni akili au kuna kitu kimekaa mbele ya ubongo. Kwa hiyo picha inaweza kusema "hili silo". Kusema "hii ni skizofrenia", hapo ndipo inakwama.

#5 Nuru_Tabata
Nataka niongelee hiyo "hili silo".

Mdogo wangu alianza kusikia sauti akiwa kidato cha tano. Ukoo ukachanga, akapigwa MRI. Majibu yakaja: ubongo hauna tatizo. Baba akaishika ile karatasi akasema, "Mnaona? Huyu anatuigizia." Akamrudisha bweni. Dawa zilichelewa sana, na kila mama alipojaribu kuongea baba aliishusha ile bahasha ya picha kutoka juu ya kabati. Hakuna aliyetueleza pale dirishani kwamba picha safi haimaanishi mtu ni mzima. Tungeelezwa sentensi hiyo moja tu, mambo yangekuwa tofauti.

#6 KakaVokseli
@Mpiga_Picha sahihi kabisa, nimekuelewa.

@Nuru_Tabata pole sana dada. Ngoja nikupe namba, huenda zikamsaidia hata mzee.

Kuna muungano wa watafiti unaitwa ENIGMA, ulianza 2009, unakusanya vipimo kutoka maabara nyingi duniani. Mwaka 2016 walilinganisha watu 2,028 wenye skizofrenia na 2,540 wasio nayo. Sehemu iliyotofautiana zaidi ilikuwa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ni ndogo kwa wagonjwa. Tofauti ni ya kweli, si bahati. Lakini ukubwa wake ni huu: chukua mgonjwa mmoja na mzima mmoja bila kuchagua, uwezekano kwamba hipokampasi ya mgonjwa ndiyo ndogo ni kama asilimia 63. Ukirusha sarafu ni 50. Kwenye sonona ni hafifu zaidi: wagonjwa 1,728 dhidi ya watu 7,199, hipokampasi imepungua wastani wa asilimia 1.24 tu.

Kwa hiyo mtaalamu wa radiolojia aliyeandika "hakuna tatizo" hakudanganya. Wagonjwa wengi mno wana ubongo ambao kwa jicho, na hata kwa rula ya kompyuta, umo ndani ya kawaida.

#7 Mtakwimu_Mwandamizi
Mnazunguka. Tatizo ni hesabu, tena hesabu ya kawaida kabisa.

Kwenye fMRI ubongo unagawanywa vokseli, vijisanduku vya milimita mbili tatu, makumi ya maelfu. Pima kila kimoja kwa p chini ya 0.05 (yaani umekubali kukosea mara 5 kwa 100), maelfu yatawaka kwa bahati tu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimlaza samoni kwenye skana, amekufa tayari, wakamuonyesha picha za watu na kumtaka aseme watu hao wanajisikiaje. Bila kusahihisha wingi wa vipimo, sehemu ya ubongo wa yule marehemu ikawaka. Wakapewa Ig Nobel, tuzo ya tafiti za kuchekesha, mwaka 2012.

Jumlisha na udogo wa sampuli. Marek na wenzake, Nature 2022, walitumia data za watu karibu 50,000 na kuonyesha kwamba kuhusisha tofauti za ubongo na tabia za watu kunahitaji maelfu ya washiriki. Tafiti za kawaida zilikuwa na watu 25 hivi. Kamati ya harusi ya Sinza ina watu wengi kuliko hao.

#8 Mtaa_wa_Pili
Samaki wa Feri mkimweka humo atawaka bila hata kuwasha mashine 😂😂

#9 Msomi_Eldoret
@Mtakwimu umesahau kibao cha 2016. Eklund, Nichols na Knutsson walichukua skani za watu wenye afya waliolala tu kwenye mashine, wakazigawa makundi kwa kubahatisha, wakatafuta tofauti ambayo haiwezi kuwepo. Programu za uchambuzi za SPM, FSL na AFNI zilipaswa kukosea mara 5 kwa 100. Kwa njia fulani zilifika mpaka 70. Makala 40,000 zikaenda na maji.

#10 Mtakwimu_Mwandamizi
Hapana bwana, hiyo 40,000 waandishi wenyewe waliisahihisha. Nichols alipopiga hesabu upya alikadiria makala kama 3,500 ndizo zenye utata mkubwa. Na hiyo 70 ni hali mbaya kuliko zote, si kila uchambuzi. Jambo lenyewe ni kubwa vya kutosha, halihitaji kuongezwa chumvi.

#11 Msomi_Eldoret
Sawa, nimekubali. Bado sitawapa ubongo wangu.

#12 Muuguzi_wa_Leeds
Nyinyi watu wa hesabu mnaongea kana kwamba mgonjwa huzaliwa akiwa faili.

Mimi asili yangu Mombasa, nafanya kazi Uingereza, na kazi yangu ni kumfikisha mgonjwa mpaka mlangoni mwa skana. Mtu anasikia sauti, unamwambia aingie kwenye bomba, kichwa kibanwe ndani ya koili (kile kifaa kinachozunguka kichwa), mashine inagonga na kulia, naye asitikisike dakika kumi. Wengine dawa zenyewe zinawafanya miguu isitulie. Wengine wanaminya kengele kabla mashine haijaanza vizuri, na wana haki. Walio taabani hawaji kabisa, hata fomu ya ridhaa hawawezi kuisaini. Basi mnaowapima ni wale waliokwisha pata nafuu, halafu mnakuja hapa kushangaa mbona picha zao zimefanana na za wazima.

#13 KakaVokseli
Dada wa Leeds amegusa penyewe. Hili ndilo linalokula muda wangu kuliko yote.

Mtu akitikisika, picha ya T1 (ile ya umbo la ubongo) inatoka na mistari ya mawimbi inayojirudia pembezoni mwa gamba. Ikiwa mingi unaiona mara moja na kuitupa. Ikiwa kidogo ndiyo hatari, kwa sababu programu haikatai, inakupa namba tu. Nafungua kwenye kompyuta, FreeSurfer imechora mstari wa njano kati ya sehemu nyeupe na ya kijivu, na mwekundu kwenye ukingo wa nje. Nashuka kipande kwa kipande. Hapa mwekundu umemeza utando wa ubongo, pale karibu na sikio umekata kona. Na kwa kawaida mtikisiko hulifanya gamba lionekane jembamba kuliko lilivyo. Sasa ona mtego: wagonjwa hutikisika zaidi kuliko wazima. Usipokuwa mkali utaripoti "gamba limepungua kwa wagonjwa" kumbe umepima miguu isiyotulia.

Kwenye fMRI ni vilevile. Jonathan Power na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba mtikisiko mdogo tu, chini ya milimita moja, unazaa "mawasiliano" ya uongo kati ya sehemu za ubongo. Ukiwa mkali sana nako, unatupa data za wagonjwa wengi kuliko za wazima, unabaki na wale watulivu. Hakuna njia isiyo na hasara.

#14 Dada_Rasta
Mmetaja koili nikakumbuka. Nilijitolea kwenye utafiti chuo fulani Ulaya. Nimefika, rasta zangu haziingii, ile koili haifungi. Wakaniambia nikazifumue nirudi. Rafiki yangu yeye alikuwa na wigi lenye vibanio vya chuma ndani, akakataliwa getini. Tangazo lao halikusema neno kuhusu nywele, ila wanajiuliza mbona weusi hawajitokezi.

#15 Muuguzi_wa_Leeds
Wallahi hata kwetu. EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, ndiyo balaa zaidi, elektrodi lazima ziguse ngozi ya kichwa.

#16 Balozi_wa_Mbarara
Hapo mmefungua mlango. Mkisharekebisha picha mnazivuta zote zilingane na kiolezo cha MNI152, ambacho ni wastani wa watu 152 wa Montreal. Nani alipimwa kwetu?

Mwaka 2022 ilitangazwa MRI iliyounganishwa hapa Uganda, Chuo cha Mbarara, kwa ushirikiano na wenzetu wa Leiden na Penn State. Vipande vililetwa vikafungwa palepale. Sumaku yake ni sumaku ndogondogo za kudumu zilizopangwa mduara, nguvu yake kama tesla 0.05, wakati za kwenu huko ni tesla 3. Lengo lilikuwa watoto wenye maji kichwani. Picha si kali, ila haihitaji heliamu ya kupoza wala umeme wa kijiji kizima.

#17 Mtakwimu_Mwandamizi
Kwa maji kichwani sawa, mashimo yake ni makubwa. Kwa asilimia 1.24 ya hipokampasi sahau.

#18 Balozi_wa_Mbarara
Na hizo tesla 3 zenu zimewapa nini mpaka sasa? Nauliza tu.

#19 Mpiga_Picha
😂😂 Balozi amepiga palepale.

#20 Daktari_Mtarajiwa
Naona wote mnalaumu kipimo. Mimi nalaumu kinachopimwa.

Sonona kwa mwongozo wa Wamarekani, DSM, unahitaji dalili 5 kati ya 9, mojawapo iwe huzuni au kukosa hamu ya mambo. Kuna njia 227 za kufikisha vigezo hivyo. Wagonjwa wawili wanaweza kushirikiana dalili moja tu. Tena hata dalili inayohesabiwa moja ina sura mbili: mmoja halali, amekonda, mwingine analala mchana kutwa na uzito umepanda. Mnawaweka kundi moja, mnatafuta "ubongo wa sonona". Hata mngekuwa na watu milioni na samaki akawa hai, mtapata wastani wa vitu visivyofanana. Taasisi ya afya ya akili ya Marekani, NIMH, iliona hili, ikaja na RDoC, watu wachunguzwe kwa mifumo kama hofu, motisha na kumbukumbu badala ya majina ya magonjwa.

#21 KakaVokseli
Na tumeandika maombi ya fedha kwa lugha ya RDoC. Halafu kuajiri washiriki bado tunatumia majina yaleyale, maana kliniki inawaandikisha kwa majina hayo.

#22 Sumu_ya_Vidonge
Mbona hakuna anayesema ukweli? Dawa ndizo zinazosinyaza ubongo. Timu ya Nancy Andreasen, Iowa, 2011, wagonjwa 211 wa skizofrenia walifuatwa miaka, waliotumia dawa nyingi ndio waliopungukiwa zaidi. Acheni vidonge.

#23 Nuru_Tabata
Kaka, ndugu zetu wanasoma hapa. Usiandike "acheni vidonge" kirahisi hivyo. Mdogo wangu aliacha, tukamkuta barabarani usiku hana viatu.

#24 Daktari_Mtarajiwa
Utafiti upo, na Andreasen si mtu wa kupuuzwa. Lakini mgonjwa mkali ndiye anayepewa dozi kubwa. Walijaribu kulizingatia hilo kwenye hesabu, ila bila kugawa watu kwa kura huwezi kutenganisha kabisa ugonjwa na dawa. Na upungufu umeonekana pia kwa watu ambao hawajawahi kumeza kidonge hata kimoja, ingawa kwao ni mdogo zaidi. Anayetaka kupunguza dozi aongee na daktari wake, asiongee na sisi.

#25 Sumu_ya_Vidonge
"Mdogo zaidi" umeisema mwenyewe. Nimemaliza.

#26 Fundi_Sumaku
Niwaongezee mzigo. fMRI haioni neva. Inaona damu. Seiji Ogawa mwaka 1990 alionyesha kwamba damu yenye oksijeni na isiyo nayo hutofautiana kisumaku, na tofauti hiyo ndiyo inayopigwa picha. Neva zinafanya kazi kwa elfu ya sekunde, damu inafika kileleni sekunde tano au sita baadaye. Ukinywa kahawa mishipa inabadilika. Ukipumua kwa wasiwasi kaboni dioksidi inashuka, damu inapungua. Sasa mgonjwa wa wasiwasi ndani ya bomba anapumuaje? Mnapima woga wa skana mnauita ugonjwa.

#27 Msomi_Eldoret
Hapa hata sigara iko ndani. Wenye skizofrenia wengi huvuta, na nikotini inagusa mishipa ya damu.

#28 Mtakwimu_Mwandamizi
Ongeza na hili kabla hatujalala. Mwaka 2020 timu 70 zilipewa data zilezile za fMRI, watu 108, dhana 9 za kupima, wajibu ndiyo au hapana. Hakuna timu mbili zilizochambua kwa hatua zinazofanana. Majibu kwenye dhana kadhaa yakapishana vibaya. Mleta mada, wewe na mwenzako wa meza ya pili mkipewa faili moja mtatoa jedwali moja?

#29 KakaVokseli
Tukitumia kontena moja la programu (kifurushi chenye kila kitu ndani) na toleo lilelile, ndiyo. Kila mtu akiachiwa mkono wake, hapana. Ndiyo maana siku hizi wengi wanatumia programu ya fMRIPrep kwa hatua za mwanzo, walau ubishi uhamie mbele. Ila ubishi haujaisha, umehamia tu.

Mimi nasimama na Daktari_Mtarajiwa robo tatu, na dada wa Leeds hiyo robo. Bosi wangu anasimama na Mtakwimu. Tunalipwa na ruzuku moja.

#30 Mtaa_wa_Pili
Tunalipwa. Neno zuri hilo. SHILINGI NGAPI?

#31 KakaVokseli
Haya mkuu, umeshinda. Mwenye PhD anayeanza utafiti, kiwango cha NIH (taasisi za afya za serikali ya Marekani) cha mwaka 2024 kilikuwa dola 61,008 kwa mwaka kabla ya kodi. Sisi wachambuzi wenye digrii ya kwanza au masters kwa kawaida tuko chini ya hapo, na kodi ya nyumba Boston inaweza kumeza nusu. Mikataba inafuata ruzuku: ruzuku ikiisha nawe umeisha. Mwaka 2025 NIH ilikata ruzuku nyingi na watu wakafungasha. Halafu Septemba mwaka huohuo ikaja ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B (viza ya kazi), hivyo anayeota kuajiriwa akiwa nyumbani ajipange upya.

Wanaoingia wametoka saikolojia, bayolojia, kompyuta, hata uhandisi. Linux, Python au R, na jicho lisilochoka. Hilo la mwisho halifundishwi darasani.

#32 Mtaa_wa_Pili
Nimerudi kwenye bodaboda yangu.

#33 Chuo_Mwaka_wa_Tatu
Shikamooni wakubwa. Nasoma saikolojia hapa Dar, nina laptop ya Windows RAM 8. Naweza kujifunza bila skana?

#34 Msomi_Eldoret
Unaweza. OpenNeuro wana data za bure. ABIDE nayo, watu 1,112, wenye usonji na wasio nao, vituo 17. Usipakue yote, bando litakufa. Chukua kituo kimoja, watu kumi, T1 peke yake. FreeSurfer haikubali Windows moja kwa moja, weka WSL kwanza (inakupa Linux ndani ya Windows). Usiku acha ikikokotoa, na ombea umeme.

#35 Mpiga_Picha
Kabla ya programu jifunze kusoma picha kwa macho. Na uhakikishe unajua kushoto na kulia. Sisi radiolojia tunatazama mgonjwa akiwa ametukabili, programu za utafiti nyingine zinageuza. Faili za zamani za Analyze zilikuwa hazisemi vizuri upande upi ni upi, ndiyo sababu mojawapo NIfTI ikaja.

#36 Muuguzi_wa_Leeds
@Mtakwimu hujanijibu bado. Hao watu wako 50,000, wangapi walikuwa wodini?

#37 Mtakwimu_Mwandamizi
Wachache mno. Data zilitoka hasa kwenye miradi mikubwa: ABCD ni watoto wa Marekani wa jamii ya kawaida, UK Biobank ni watu wazima waliojitolea, tena wenye afya kuliko wastani. Ugonjwa mkali ungeweza kutoa tofauti kubwa zaidi, nakubali. Lakini kanuni ya sampuli haibadiliki kwa sababu mtu kavaa gauni la hospitali, dada yangu.

#38 Muuguzi_wa_Leeds
Basi niletee maelfu ya watu wa wodini wanaokubali kulala humo dakika kumi, mimi nitawashika mkono mmoja mmoja.

#39 Mtakwimu_Mwandamizi
Ndiyo maana kuna ENIGMA, kila hospitali inaleta wake.

#40 Fundi_Sumaku
Kila hospitali na skana yake, na kila skana na upendeleo wake. Mnasahihisha kwa ComBat, njia ya hesabu iliyobuniwa kwa data za jeni. Tukiendelea tutakesha.

#41 Chuo_Mwaka_wa_Tatu
Ahsanteni. WSL imekubali. FreeSurfer sasa inadai leseni, ni ya kulipia?

#42 Msomi_Eldoret
Bure. Jaza fomu kwenye tovuti yao, faili la leseni linakuja kwa barua pepe. Liweke ndani ya folda ya FreeSurfer kwa jina license.txt, usibadilishe hata herufi.